Maoni ya Abiria wa Pongwe

Tangu utoto wake Laurenti alikuwa mtu wa kinyaa. Mama yake, Mbondei wa vilima vya nyuma ya Muheza, alizoea kusema kwamba mwanawe huyu angeshinda na njaa mbele ya chungu cha nyama, mradi kaona inzi mmoja katua ukingoni. Alipokua akawa karani katika shamba la mkonge, kazi yake kuhesabu matita ya majani yaliyokatwa na manamba, na kwa miaka kumi na miwili hakupata kushikana mkono na mkata mkonge asijifute kiganja baadaye. Hakuwa mtu wa maneno ya kiburi. Aliwasalimu watu vizuri, akawauliza habari za watoto. Ila kitambaa chake cheupe cha kujifutia kilikuwa hakikai mfukoni, na watu wana macho.

Mwaka wa hamsini na tatu bei ya katani ilianguka. Shamba likapunguza watu, na Laurenti akawa mmoja wao. Alikaa nyumbani Pongwe miezi saba, yeye na mkewe Yudith, wakiishi kwa mihogo ya Yudith na kwa subira. Mwezi wa nane akasikia kwamba kampuni ya mabasi ya Muheza na Tanga yatafuta karani mwenye mwandiko mzuri. Alikwenda mjini siku hiyo hiyo, akaandika sentensi mbili mbele ya meneja, akapewa kazi.

Mabasi yenyewe yalikuwa manne, ya rangi ya kijani iliyokwisha kupauka, bodi za mbao, madirisha yasiyo na vioo ila maturubai ya kuteremsha mvua ikinyesha. Watu waliyaita Kobe, kwa rangi yake na kwa mwendo wake. Mbele, karibu na dereva, palikuwa na kiti kimoja kirefu chenye mto, kikiitwa daraja la kwanza, nacho mara nyingi kilikwenda kitupu mpaka mjini. Laurenti, kwa kuwa sasa ni mtu wa kampuni, aliruhusiwa kukaa hapo.

Nyuma ya kiti hicho kulikuwa na dunia nyingine. Benchi la watu watano lilichukua wanane. Magunia ya machungwa ya Muheza yaliwekwa njiani kati ya mabenchi, yale ya chini yakapasuka, na maji yake yakachanganyika na matope, na mavi ya kuku waliofungwa miguu, na matapishi ya watoto ambayo utingo aliyamwagia mchanga badala ya kuyafuta. Nguo za watu wa mashambani zilinuka utomvu wa mkonge uliochacha. Wakati wa joto, jasho la mtu lilimfikia mwenziwe mdomoni. Na kondakta, kijana wa Kidigo aitwaye Shekhe, ushekhe wa jina tu maana hata Fatiha aliikatisha, aliwasukuma wa mwisho kwa goti huku akipiga kelele: "Songeni! Majumbani kwenu mwalala wanne kitanda kimoja, hapa ndipo mwaona haya?"

Laurenti aliyasikia hayo yote kwa mgongo. Aliweka kitambaa puani, akatazama barabara. Moyoni alisema: watu hawa ndivyo walivyo. Ukiwapa basi la dhahabu watalitapikia. Kinyaa chake hakikuwa juu ya basi, kilikuwa juu yao.

Baada ya wiki mbili meneja alimwita, akampa daftari kubwa lenye mistari. "Kampuni yataka kujua maoni ya abiria," alisema. "Uwaulize maswali manne. Waenda wapi. Saa ngapi. Siku ngapi kwa wiki. Na la nne: basi lisipokuwapo saa hiyo, utafanyaje? Andika kwa ufupi. Sitaki hadithi."

Laurenti alifurahi. Hii ndiyo kazi aliyoijua, watu kuwa mistari na mistari kuwa safi. Akachora safu nne kwa rula, akaanza kusimama kituoni Pongwe tangu saa kumi na moja ya alfajiri, taa ya mkono ikining'inia kidoleni.

Wa kwanza kumsogelea alikuwa Uweso, mchukuzi wa mizigo bandarini, mtu mrefu mwenye mabega ya fahali. Kibarua cha bandarini kilikuwa cha siku kwa siku: geti lilifunguliwa saa kumi na mbili na nusu, ikifika saa moja limefungwa, na aliye nje amekosa.

"Basi hili la saa kumi na moja na nusu lisipokuwapo, utafanyaje?" Laurenti aliuliza.

"Nitafanyaje!" Uweso alisema. "Nitapanda hilo la pili, nifike nikute geti limefungwa, nirudi kwangu nikawatazame wanangu machoni. Na wewe na meneja wako mle mavi ya kuku yaliyomo humo ndani. Andika."

Laurenti aliandika: *Atapanda basi la pili.*

Alimwuliza mke mmoja wa manamba, aliyekuwa akimpeleka mtoto hospitali kila Jumatatu. Mama yule alisema, "Tutangoja, bwana. Sisi tumezoea kungoja." Akaandika: *Atangoja.* Mwuza samaki aliwatukana mama wa dereva, mama wa kondakta na mama wa aliyelivumbua gurudumu, kisha akasema atapanda juu ya paa. Laurenti akaandika: *Hana neno, atapanda.* Hakuona kwamba anadanganya. Matusi yalikuwa uchafu, naye alikuwa akisafisha.

Siku ya nne akamfikia Bi Mastura. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo ya kuelekea uzeeni, mfagiaji wa wodi katika hospitali mojawapo ya mjini, mtu asiyekosa tambuu kinywani wala neno ulimini. Miaka kumi na mmoja alikuwa akipanda gari la alfajiri na kurudi na la jioni.

"Shikamoo, Bi Mastura."

"Marahaba. Hiyo karatasi yenda wapi?"

"Kwa meneja. Ataka maoni ya abiria."

"Maoni ndiyo nini?"

"Ndiyo hayo mnayoyaona."

"Basi si uje ukae nyuma nasi uyaone mwenyewe? Macho unayo, tena yamevaa miwani."

Watu wakacheka. Laurenti naye akatabasamu kidogo, akauliza maswali yake mpaka akafika la nne. Bi Mastura akaisimamisha tambuu shavuni.

"Mwanangu," alisema, "mtu akija akakuambia, 'Nikikukata mguu utafanyaje?' wewe utamjibu nini? Utasema nitakwenda na huu uliobaki. Na nao ukikatwa nitatambaa. Lakini huyo mwenye panga hukumwuliza kwa nini akate. Haya, mimi nitakwenda kwa miguu. Ukiandika hilo, andika na lile la panga."

Laurenti aliitazama safu ya nne. Ilikuwa nyembamba. Akaandika: *Atakwenda kwa miguu.*

Alipopeleka daftari mjini, meneja hakusoma safu ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Kidole chake kiliteremka kwenye safu ya nne, ukurasa kwa ukurasa, na uso wake ukazidi kukunjuka. "Watu mia mbili na kumi na wanne," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyesema ataacha kusafiri. Una mwandiko mzuri sana, Laurenti." Jioni ile Laurenti alimnunulia Yudith doti ya kanga.

Mwisho wa mwezi alipewa tangazo, nyundo na misumari minne, aende akalipigilie kwenye ukuta wa duka lililokuwa mbele ya kituo cha Pongwe. Alilisoma akiwa ndani ya gari. Alilisoma mara ya pili. Alipofika akaligongelea, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, na kabla hajashuka kwenye kibaraza watu walikuwa wamekwisha kukusanyika.

"Soma," Bi Mastura alimwambia. "Sisi wengine ni vipofu wa karatasi."

Laurenti akasoma. Sauti yake ilikuwa ndogo. Tangazo lilisema kwamba, kufuatana na maoni ya abiria wenyewe, ambao wamekiri kuwa wanaweza kungoja, kupanda magari mengine au kwenda kwa miguu, basi la saa kumi na moja na nusu alfajiri na lile la saa kumi na mbili jioni yataondolewa kuanzia tarehe mosi. Kampuni ilitoa shukrani.

Uweso alikuwa akihesabu kitu kwa vidole, akarudia, kisha akaacha.

"Mimi nilikiri?" Bi Mastura aliuliza.

"Bi Mastura, mimi sikuandika tangazo."

"Sikuuliza tangazo. Nauliza, mimi nilikiri? Nionyeshe nilipokiri."

Laurenti alikuwa na daftari dogo alilonakilia. Alilifungua, akamtafuta, akamsomea: "Mastura, mfagiaji, mjini, kila siku, atakwenda kwa miguu."

"Na lile la panga?"

"Halikuwa na nafasi."

Bi Mastura akatema tambuu. Mate mekundu yalianguka shubiri moja kutoka kiatu cha Laurenti, kiatu cheupe kilichopakwa chokaa asubuhi ile. Hakukosea shabaha wala hakuipata. Kisha akajifunika kanga yake vizuri, akaenda zake.

Ikafika tarehe mosi. Gari la kwanza sasa lilipita Pongwe saa kumi na mbili na nusu, likiwa limekwisha kujaa tangu Muheza, na kituoni walingoja watu wa magari mawili. Laurenti, mbele kwenye mto, kwa mara ya kwanza aligeuka nyuma akatazama. Aliona mzee mmoja kashikwa kati ya gunia na mlango, mdomo wazi kama samaki. Aliona mwanamke akiinua mtoto juu ya vichwa ili apate hewa, na mkojo wa mtoto ukiteremka juu ya vichwa hivyo, na hakuna aliyeweza kuinua mkono ajifute. Harufu ilikuwa ile ile. Lakini safari hii akafikiri: watu hawa walitoka majumbani wameoga. Yule bibi pale kajifukiza udi asubuhi hii. Harufu hii hawakuja nayo, wamepakwa humu ndani, na mimi nimesaidia kupaka.

Akateremsha kitambaa puani. Akamwomba dereva asimame, akatapika kando ya barabara.

"Hata wewe, karani?" Shekhe alicheka. "Huko mbele penye mto?"

Wiki tatu zikapita. Uweso alipoteza siku nyingi za kibarua kuliko alizopata, mwishowe akawa analala chini ya turubai huko huko bandarini, nyumbani akija Ijumaa kwa Ijumaa. Bi Mastura alirudi kwa miguu kila jioni, maili tisa, akifika watu wamekwisha kula. Watu wa Pongwe walimpa Laurenti jina la Karani Maoni. Yudith akienda kisimani alipishwa kimya kimya, achote wa kwanza, kama mgonjwa wa upele.

"Mimi sijui uliandika nini," Yudith alimwambia, "lakini napishwa kisimani kama mtu mwenye msiba. Nenda kayafute."

Laurenti alikwenda kwa meneja. Alieleza kwamba watu hawakuridhia, kwamba walisema mengi zaidi, kwamba waliulizwa kama mtu anavyoulizwa akiwa chini ya panga. Meneja alisikiliza, akafungua daftari kubwa.

"Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Nilikuambia uandike uongo?"

"Hapana, bwana."

"Basi wataka nini?" Na kwa kweli meneja hakuwa na hasira. Alikuwa mtu mwenye adabu, mikono yake ilinuka sabuni. "Bei ya katani imeanguka, watu wa mashamba hawasafiri kama zamani, petroli ni ghali. Ningeondoa magari hayo hata kama wangelia damu. Lakini afadhali waliridhia, au sivyo? Karatasi ikipendeza, kila mtu hulala."

Laurenti alitoka nje, akasimama kwenye ua wa gereji penye matope ya oili. Mikono ile ilimtia kinyaa kuliko matapishi yote aliyoyaona katika mabasi.

Usiku ule na siku tatu zilizofuata aliandika daftari jipya. Alikuwa na kumbukumbu nzuri, ndiyo iliyomweka kazini miaka kumi na miwili. Hakuchora safu. Aliandika kila neno kama alivyolisikia: mavi ya kuku ya Uweso, mama watatu wa mwuza samaki, mguu na panga la Bi Mastura. Hata matusi makubwa aliyaandika kwa mwandiko ule ule mzuri. Akalipeleka, akaliweka mbele ya meneja. Meneja alisoma ukurasa mmoja na nusu, akalisukuma daftari kwa ncha ya rula mpaka likafika ukingoni mwa meza, likaanguka. Akasema Laurenti asirudi kesho.

Alirudi Pongwe kwa miguu, daftari kwapani. Njiani, karibu na machimbo ya mawe, akamfikia Bi Mastura, anakwenda taratibu, viatu kichwani.

"Shikamoo."

Hakujibiwa. Wakaenda pamoja kitambo, yeye hatua mbili nyuma.

"Nimeandika na lile la panga," alisema mwishowe. "Nimefukuzwa."

Bi Mastura akasimama. "Lisome."

Akalisoma pale pale barabarani. Alipofika kwa mwuza samaki, Bi Mastura alicheka mpaka akashika ubavu. "Hilo hukulipata vizuri," alisema, "alitukana na mama wa fundi." Akamwambia alilete kituoni asubuhi.

Asubuhi ile ilikuwa ya ajabu. Laurenti alisimama juu ya kibaraza cha duka akasoma, na watu kituoni wakacheka, wakasahihisha, wakaongeza. Mtu alisema wapeleke daftari kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Mwingine alisema asipande mtu hata mmoja leo, Kobe aende mtupu, waone. "Naam! Asipande mtu!" wakaitikia wote, na Uweso, aliyekuwa nyumbani siku ile, akainua ngumi juu. Walikuwa watu hamsini na sauti moja, na Laurenti, aliyekaa nje ya watu maisha yake yote, akajiona yumo ndani yao.

Basi likatokea kwenye kona.

Hakuna ajuaye nani alianza. Labda ni yule mama mwenye mtoto mgonjwa, naye angelaumiwaje? Mmoja alipiga hatua, watatu wakaogopa kuachwa, na mara wote wakaufuata mlango kama maji yaliyopasua ukingo. Ngumi ya Uweso iliyokuwa juu ilishuka ikashika nguzo ya ngazi. Kiwiko cha mtu kilimpiga mtu meno. Laurenti alikuwa na miadi mjini siku ile, jana yake alimwomba kazi bwana mmoja mnunuzi wa machungwa, naye akamwambia afike kabla ya saa mbili, na kiti cha mbele hakikuwa chake tena. Akaingia katika msongamano. Alinusa makwapa, akakanyaga kitu laini, akasukumwa, akasukuma. Mbele yake palikuwa na mgongo wa mtu umeziba njia, mgongo mdogo wenye kanga. Akaweka viganja vyote viwili juu ya mgongo ule, akausukuma kando kwa nguvu zake zote, akakamata chuma, akapanda. Basi likaondoka. Alipogeuka akamwona Bi Mastura kwenye vumbi, amekaa, anatafuta kiatu chake.

Angeweza kupiga bodi, gari lisimame. Alilijua hilo saa ile, na alilijua miaka yote iliyofuata. Hakupiga. Alikwenda mpaka Tanga amebanwa kati ya gunia na kifua cha mtu asiyemjua, akajinusa, na kinyaa kilichompata juu ya nafsi yake hakikuwa na kitambaa cha kukizuia.

Kazi ya machungwa aliipata, akahamia Muheza na Yudith. Daftari halikufika kwa Bwana Shauri wala kwa mtu yeyote. Mwaka uliofuata mtu mmoja wa Muheza alianza kuchukua watu alfajiri kwa lori lenye mabenchi, nusu ya Pongwe ikamkimbilia, na kampuni ikarudisha gari la saa kumi na moja na nusu ndani ya wiki mbili. Kwa hiyo kilichowarudishia gari ni lori la mtu aliyetaka faida yake, na wote waliolia na kutukana hawakuongeza wala kupunguza kitu.

Lakini Bi Mastura gari hilo lilikuwa halimsaidii tena. Goti lake liliharibika tangu siku ile ya vumbi, akaacha kazi, akahamia mtaa wa Usagara mjini Tanga, kwa mpwa wake Asmahani. Laurenti alichukua miezi mingi kupata moyo wa kwenda. Alikwenda siku ya pili ya Idi, na kikapu cha machungwa.

Bibi alikuwa ukumbini juu ya mkeka, mguu kaunyosha. Alimkaribisha, akamwitia kahawa. Wakasemezana habari za Pongwe, nani kaoa, nani kafa. Kisha Laurenti akainamisha kichwa, akasema, "Bibi, siku ile ni mimi niliyekusukuma."

"Najua. Viganja vyako nilivijua, laini kama vya mkunga." Akatafuna tambuu taratibu. "Hilo la mkono nimekusamehe siku nyingi. Siku ile kila mtu alisukuma. Hata mimi, kabla yako, nilimkanyaga mtu. La kalamu bado. Siku ile ya kwanza hakuna aliyekusukuma wewe. Ulikuwa umesimama mahali pakavu."

Asmahani akaleta kahawa na kipande cha halua, akaviweka katikati yao. Bi Mastura akamsogezea Laurenti sahani kwa kidole, akamwambia ale, halua ya Idi haikatai mtu.

Akala.